Trekta dogo na kijiko cha nyuma: jinsi ya kulinganisha kabla hujatoa hela

Wakuu habari za kazi. Wenye mashamba ya heka tano mpaka ishirini siku hizi wanaulizana jambo moja, ninunue trekta dogo gani, na je nilifunge kijiko cha kuchimbia kule nyuma au niache. Wengi wanataka watajiwe jina la kampuni wakalipie. Mimi naomba jina la kampuni tuliweke mwisho kabisa. Anza na kazi ulizonazo, halafu uangalie mgongo wa trekta na mafuta ya haidroliki, halafu spea, ndipo uje kwenye rangi na bei. Ukianza na bei utaletewa mashine inayong'aa na baada ya msimu mmoja giaboksi ina ufa, na giaboksi ya trekta ikipata ufa hiyo sio gharama ya kuazima hela kwa jirani.

Tuelewane kwanza. Nikisema kijiko cha nyuma namaanisha ule mkono wa kuchimba wenye baketi mwishoni, na miguu miwili ya pembeni inayoshuka kukanyaga ardhi. Kijiko cha mbele ni cha kuzoa na kupakia, wengine wanakiita loda. Na wazo la kufunga kijiko kwenye trekta la shamba sio la kubahatisha, JCB yenyewe, ile mashine kubwa ya kuchimbia, ilianzia hapo hapo, mwaka 1953 Joseph Cyril Bamford kule Rocester, Uingereza, alitoa mashine ya kuchimba iliyojengwa juu ya trekta la Fordson Major. Ila Fordson Major ni chuma kizito, na haya matrekta madogo ya leo mengi hayajaundwa kubeba mateso ya namna ile bila kusaidiwa, na huo ndio moyo wa maelezo yangu yote.

Andika kazi zako na kina chake

Chukua daftari uandike kila shimo unalotarajia kuchimba ndani ya miaka mitatu, na pembeni uandike kina. Mtu wa parachichi kule Njombe anahitaji shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, mtaro wa bomba la umwagiliaji ni sentimita 60 mpaka mita moja, bwawa la samaki ni mita moja mpaka moja na nusu, msingi wa nyumba ya kawaida haufiki mita moja na nusu. Zote hizo trekta dogo linaziweza. Sasa ukija kwenye shimo la choo au septiki la mita tatu na kuendelea hapo trekta dogo limeshafika mwisho, na hakuna muuzaji atakayekuambia hivyo kwa hiari yake.

Mfano wa namba halisi ili upate picha. Kubota BX23S, ambayo ni ya lile kundi dogo kabisa, ina injini ya HP (nguvu za farasi) 21.6, kijiko cha nyuma kinachimba mita 1.85 hivi na kijiko cha mbele kinanyanyua kama kilo 335. Ukipanda mpaka Kubota L47 yenye HP 47 unapata kina cha kama mita 3. JCB 3CX yenyewe ina uzito wa kama tani 8 na inachimba zaidi ya mita 4. Kwa hiyo kati ya dogo kabisa na JCB kuna safari ndefu, na mtu akikwambia trekta lake la HP 25 linafanya kazi ya JCB mwambie akuchimbie hapo hapo mbele yako kwenye udongo mgumu.

Kuna ujanja kwenye hiyo namba ya kina pia. Kina cha juu kabisa kinapimwa mkono ukiwa umenyooka chini, yaani ncha ya baketi ndio inagusa, lakini wewe unataka mtaro wenye sakafu tambarare chini, na ukitaka sakafu ya sentimita 60 kina kinapungua. Kampuni makini zinaandika vipimo vyote viwili. Ukiona karatasi ina kimoja tu, jua ni kile kikubwa, na mimi hapo huwa natoa sentimita 15 au 20 kichwani ili nisiumie mbele ya safari.

Kingine cha kuandika kwenye daftari ni udongo wako. Kichanga kinachimbika na chochote. Udongo mweusi wa mbugani wakati wa kiangazi unakuwa kama saruji na masika unanata kwenye baketi haudondoki, na trekta la tairi mbili za kuvuta linazama hapo hapo. Udongo wa changarawe na mawe unahitaji baketi nyembamba ya sentimita 30 yenye meno mazuri yanayobadilishika, kwa sababu nguvu ile ile ikikusanywa sehemu ndogo inapenya, wakati baketi ya sentimita 60 kwenye mawe inakwaruza tu na kunyanyua trekta. Kwa hiyo uliza kabisa kijiko kinakuja na baketi za upana gani, na ya pili inauzwa bei gani.

Hesabu ya kukodi, usiiruke

Kabla ya kulinganisha kijiko na kijiko, linganisha kununua na kukodi. Namba ninazoweka hapa ni za mfano tu, weka za kwenu. Tuseme kijiko cha nyuma kinakuongezea milioni 15 juu ya bei ya trekta, na JCB mtaani kwenu inakodishwa elfu 80 kwa saa. Milioni 15 gawanya kwa elfu 80 ni kama saa 187 za JCB. Na kumbuka JCB saa moja inamaliza kazi ambayo trekta dogo linaweza kula saa mbili tatu, kwa hiyo hizo saa 187 ni kama saa 400 au 500 za kijiko chako. Jiulize kwa ukweli, kwa mwaka mzima una saa ngapi za kuchimba? Kama ni 20 au 30, nunua trekta na kijiko cha mbele tu, kuchimba kodi. Hela inayobaki tia kwenye jembe, haro na tela, hivyo ndivyo vitakulisha.

Lakini kuna mahali kukodi hakusaidii. Shamba lipo ndani kabisa, mwenye JCB anadai hela ya kuisafirisha na saa za chini anazokubali, au miti yako imeshakua na nafasi kati ya mistari ni ndogo, au ni kihamba cha Moshi chenye migomba na kahawa na mifereji na nyumba ya bibi katikati, JCB ikiingia humo inaacha uharibifu kuliko kazi. Hapo trekta dogo lenye kijiko ni mkombozi kweli. Vile vile mtu anayetaka kuchimbia wengine kwa malipo, mitaro ya mabomba vijijini, mashimo ya miti, misingi, hesabu yake ni tofauti, yeye kijiko ni biashara, ila basi asinunue kile kidogo kabisa.

Mgongo wa trekta: hapa ndio pa kukaa sana

Trekta nyingi hazina chesisi kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi, giaboksi na difu vimefungwa kwa bolti kimoja baada ya kingine na hivyo ndivyo vinakuwa uti wa mgongo. Ukivuta jembe nguvu inakwenda kwa kunyooka na trekta linaihimili, limeundwa kwa hilo. Kijiko cha nyuma kinafanya kitu kingine kabisa, kinasukuma juu, kinavuta chini, kinapiga ubavuni kila baketi inapogeuka kumwaga, na zote hizo zinaishia pale kinapofungwa.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kukifunga. Ya kwanza ni kukining'iniza kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile ya jembe, na ndio ya bei rahisi na ndio inauzwa sana mtandaoni kwa sababu eti inaingia kwenye trekta lolote. Ya pili ni kukifunga na fremu ndefu ya chuma inayopita chini ya trekta mpaka katikati au mbele kabisa karibu na injini, ili nguvu isambae isikae sehemu moja. Msimamo wangu ni huu na sibadilishi: kama trekta ni dogo na unakusudia kuchimba udongo mgumu mara kwa mara, usinunue kijiko cha kuning'iniza mikono mitatu. Mikono ile imeundwa kucheza juu na chini. Mkono wa juu ukikatika au pini ikichomoka ukiwa umekaa kwenye kiti cha kijiko, kile kitu kinaweza kukunjika kikakubana kati yake na trekta, na watu wameumia hivyo. Hata kisipokuumiza wewe, kinaumiza nyumba ya difu taratibu, bolti zinalegea, mafuta yanaanza kuvuja kwenye maungio, siku moja ufa.

Kama hali ya mfuko inakulazimisha kuchukua cha mikono mitatu basi iwe kwa kazi nyepesi, udongo laini, na uweke vyuma imara vya kuzuia mikono isipande juu. Na upime saizi ya pini. Kundi la kwanza la mikono mitatu, yaani matrekta madogo mengi, pini za chini ni milimita 22 na ya juu 19. Kundi la pili ni 28 na 25. Watu wananunua kijiko cha kundi la pili halafu wanachomelea bushi na kupunguza matundu kijiweni, jamani hiyo ni hatari, kijiko cha kundi la pili kimetengenezwa kwa trekta zito kuliko lako.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja, fremu ya kijiko hiki imetengenezwa kwa modeli hii hii ya trekta? Akikujibu itarekebishwa tu, fundi atachomelea, sitisha mazungumzo hapo mpaka uone michoro au uone trekta lingine la modeli hiyo hiyo limefungwa na linafanya kazi. Halafu muulize kwa maandishi kama waranti ya trekta inabaki ukifunga kijiko cha kampuni nyingine. Kwa maandishi. Maneno ya dukani yanasahaulika siku giaboksi inapokufa.

Uzito nao uangalie. Trekta la HP 20 na kitu lina kilo 600 mpaka 800 hivi, la HP 35 mpaka 45 linaweza kuwa kilo 1200 mpaka 1800. Kijiko cha nyuma cha kuchimba mita 2 chenyewe ni kilo 300 na kuendelea. Ukikipachika nyuma ya trekta jepesi bila kijiko cha mbele, mbele kunakuwa kwepesi mpaka usukani haushiki ukipanda mlima. Ndio maana hivi viwili huwa vinakwenda pamoja, cha mbele kinasawazisha cha nyuma. Na ukifungua cha nyuma ukabaki na cha mbele tu ukaanza kunyanyua mchanga, geuza hesabu, sasa nyuma ndio kwepesi, funga uzito nyuma au jaza maji tairi za nyuma mpaka kama robo tatu.

Mafuta ya haidroliki, HP zisikudanganye

Kijiko hakichimbi kwa HP zilizoandikwa kwenye boneti, kinachimba kwa mafuta. Unahitaji namba mbili, lita kwa dakika na presha. Presha ndio nguvu ya kusukuma, lita ndio kasi. Hesabu rahisi ni hii, zidisha presha (inaandikwa kwa kipimo cha bar) kwa lita kwa dakika halafu gawanya kwa 600, unapata kilowati. Pampu ya bar 150 na lita 30 inakupa 150 mara 30 ni 4500, gawanya 600 ni kilowati 7.5, kama HP 10 hivi. Kwa hiyo trekta la HP 25 na la HP 40 kama pampu zao ziko sawa, kijiko kitachimba sawa, na umelipia HP 15 ambazo kwenye kuchimba hazikusaidii chochote (kwenye kulima zinasaidia, sikatai).

Kitabu cha kijiko kitasema kinahitaji lita ngapi na presha isizidi ngapi. Weka karatasi mbili pembeni, ya trekta na ya kijiko. Trekta likitoa pungufu kijiko kitakuwa kizito kama mgonjwa, likitoa presha kuliko kinachohimili hosi zitapasuka. Angalia pia hizo lita ni za wapi, maana kuna matrekta yanajumlisha na mafuta ya usukani, wewe unataka zile zinazobaki kwa ajili ya kazi.

Sasa kama pampu ya trekta ni ndogo, kuna vijiko vinavyokuja na pampu yake na tanki lake, vinazungushwa na PTO, ile shafti ya nyuma ya mizunguko 540 kwa dakika. Mimi hii naipenda kwa trekta la zamani au lenye haidroliki dhaifu kwa sababu mafuta ya kijiko hayachanganyiki na ya trekta, hosi ikipasuka hupotezi mafuta ya giaboksi, na pampu ikifa unabadilisha pampu tu. Ubaya wake ni tanki dogo, mafuta yanachemka kwenye jua la Dodoma, kwa hiyo linganisha ukubwa wa tanki na uone kama ina kupoozea.

Jambo ambalo mafundi wetu wa mtaani wanalifanya na naomba ulikatae, wanaunga hosi za kijiko kwenye matundu ya lever ya kawaida kule nyuma halafu wanaifunga lever kwa kamba au waya ibaki wazi siku nzima. Kijiko kitafanya kazi ndio, lakini mafuta yanaporudi yanapita njia nyembamba ile ile, yanapata moto na pampu inakufa mapema. Kijiko kinahitaji laini yake ya kwenda na laini nene ya kurudi moja kwa moja kwenye tanki. Muulize fundi mafuta yanarudi wapi, na asipoweza kukuonyesha kwa kidole hajui anachofanya.

Kuhusu HP zenyewe, kuna za injini na kuna za PTO, na za PTO ndio za kweli kwa mkulima, huwa ziko chini kwa kama asilimia 10 mpaka 20. Kudanganywa kwenye namba za matrekta ni ugonjwa wa zamani sana. Kule Nebraska, Marekani, kulikuwa na mkulima anaitwa Wilmot Crozier aliyenunua trekta lililoandikwa Ford ambalo halikuwa na uhusiano wowote na Henry Ford, likamsumbua hasa, na alipoingia bunge la jimbo akasukuma sheria mwaka 1919 kwamba trekta lisiuzwe jimboni mpaka lipimwe kwanza. Maabara ile ipo mpaka leo chuo kikuu cha Nebraska na ripoti zake ziko wazi mtandaoni. Kwa matrekta ya India, ambayo kwetu ndio mengi, kuna kituo cha serikali yao cha Budni, Madhya Pradesh, kinachopima na kutoa ripoti, na hapa nyumbani CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo pale Arusha, wanafanya majaribio ya zana za kilimo. Muulize muuzaji ripoti ya kipimo ya modeli hiyo. Kuuliza tu kunabadilisha namna anavyozungumza na wewe.

Giaboksi na tairi, kwa kifupi

Kuna giaboksi ya gia za kawaida na kuna ile ya haidroliki ya kukanyaga pedali mbele na nyuma bila klachi. Kwa kupakia na kijiko cha mbele hiyo ya pedali ni raha, siku nzima nenda rudi nenda rudi na mguu wa klachi hauchoki. Kwa kulima na jembe gia za kawaida zinapoteza nguvu kidogo kuliko ile ya pedali, na fundi wa wilayani anaweza kuzifungua. Kama asilimia kubwa ya kazi yako ni kulima chukua gia. Tairi ziwe zinavuta zote nne, kwa trekta dogo lenye kijiko cha mbele hilo sioni kama lina mjadala, ekseli ya mbele ya matrekta ya kuvuta tairi mbili mara nyingi haikuundwa kubeba mzigo wa kupakia.

Used ya Japani au mpya ya India au China?

Used za Japani, Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura, ni injini nzuri sana, zinawaka asubuhi bila kelele. Lakini nyingi zilitengenezwa kwa majaruba ya mpunga, ni nyepesi, ekseli ya mbele ni ndogo, na haidroliki yake inanyanyua mikono tu, haina matundu ya kutolea mafuta kwa kifaa kingine, kwa hiyo kijiko lazima kiwe cha pampu ya PTO. Na PTO zake zina kasi tatu au nne, ya kwanza ndio iko karibu na 540, ukiweka gia ya tatu kwa bahati mbaya unaizungusha pampu kuliko uwezo wake. Maandishi yote ni ya Kijapani, tafuta mtu abandike vibandiko vya Kiswahili kabla dereva hajapanda. Halafu modeli za soko la ndani la Japani mara nyingi namba zake haziko kwenye vitabu vya spea vya modeli za nje, kwa hiyo kabla ya kununua andika namba ya modeli uende nayo duka la spea, uulize filta, mkanda wa feni, oili sili za ekseli ya mbele na sahani ya klachi. Kama vitatu kati ya hivyo vinaagizwa tu, hilo trekta litakaa limelala msimu wa kulima.

Mpya za India, Mahindra, Swaraj, Sonalika na wengine, ni nzito zaidi kwa HP ile ile na mafundi wamezizoea. Ila kwa kijiko cha nyuma kwenye modeli ndogo fremu maalumu haipatikani kirahisi, kwa hiyo rudi kwenye lile swali langu la fremu. Za China ni bei nafuu na zinakuja na vijiko vyote viwili kwenye kontena moja, na zipo nzuri na zipo mbovu, hapo mwagizaji ndio anakuwa muhimu kuliko kampuni: ana stoo ya spea hapa hapa nchini? Ana fundi? Nenda ukaione stoo kwa macho. Na kampuni kuwa kubwa sio kinga, Ursus ya Poland ilikuja kuunganishwa pale Kibaha kwa mpango wa serikali, baadaye kampuni mama kule Poland ikaingia kwenye ufilisi, na mwenye trekta anabaki kutafuta spea.

Ukiagiza mwenyewe nje, kaa na wakala wa forodha kabla ya kulipa, umuulize mzigo utaainishwa vipi. Trekta la kilimo na mashine ya kuchimba havihesabiwi sawa kwenye kodi, na trekta lililofungwa kijiko tayari linaweza kukuletea mabishano bandarini. Wakala akupe majibu kabla meli haijaondoka.

Siku ya kwenda kuliona

Nenda asubuhi na mwambie asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini, iwe baridi. Likishawaka angalia moshi, mweusi kidogo ukikanyaga ni kawaida, wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, mweupe usioisha uulizie. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, ondoka. Mulika tochi chini kwenye maungio ya nyumba ya klachi na difu, unatafuta ufa, welding, au silikoni mpya mpya iliyopakwa juzi.

Sasa kijiko. Shika ncha ya baketi utikise kulia na kushoto kwa nguvu, ukisikia mchezo mkubwa unaotoka kule kwenye shina mkono unapogeukia, pini na bushi zimekwisha, na pini ya pale ndio ghali. Pitisha kidole kwenye fimbo za jeki zinazong'aa, zikiwa na mikwaruzo au kutu zitakata sili kila mwezi. Nyoosha mkono wote mpaka mwisho, baketi iwe futi moja juu ya ardhi, zima injini, weka kijiti kipimo, subiri dakika kumi. Kushuka kidogo ni kawaida, ukigusa ardhi muulize kwa nini. Fanya hivyo hivyo na miguu ya pembeni, maana mguu unaoshuka wenyewe ukiwa unachimba kwenye mteremko unalala na trekta.

Halafu chimba. Sio dakika tano, chimba nusu saa hata dakika arobaini mpaka mafuta yapate moto kweli, kwa sababu pampu iliyochoka ikiwa na mafuta baridi mazito inafanya kazi vizuri, yakishachemka yanakuwa mepesi yanapenya na nguvu inapotea. Muuzaji asiyetaka uchimbe nusu saa anajua kitu. Ikiwezekana nenda na fundi mwenye geji ya presha, afunge apime ikiwa moto, alinganishe na namba ya kitabu. Na saa za kwenye mita zisikushawishi, angalia pedali zilivyolika, usukani, kiti, na matundu ya pini za mikono ya nyuma, hivyo ndivyo vinatoa siri.

Mwisho uangalie fremu ya kinga juu ya kiti na mkanda. Trekta likipinduka hiyo fremu ndio inabaki kati yako na ardhi. Used nyingi za Japani hazina, kwa hiyo hesabu gharama ya kuitengeneza kwa vipimo sahihi kwenye bei. Na waambie mapema vijana watakaolitumia, mtaro ukizidi mita moja na nusu mtu asishuke ndani bila kuzuia kuta, mita moja ya ujazo ya udongo ni zaidi ya tani moja na nusu na ikimwangukia mtu hakuna muda wa kuita msaada.

Ukishafikia mashine mbili za mwisho, weka karatasi moja uandike kwa kila moja: kina cha sakafu tambarare, lita na bar, fremu ni ya modeli hiyo au la, uzito, spea nne nilizotaja zinapatikana wapi na bei gani, na jumla ya hela mpaka linafika shambani na kijiko kimefungwa. Bei ya trekta peke yake usiiandike kabisa maana itakuvuta upande usiofaa.

Likishafika, kila siku ya kuchimba pini zote zipigwe grisi kabla ya kuanza, na bolti za fremu ya kijiko zikazwe tena baada ya masaa ya mwanzo maana bolti mpya zinalegea zinapokaa sawa. Oili na filta za mwanzo zibadilishwe kama kitabu kinavyosema, modeli nyingi ni saa 50, na ukishamwaga hiyo oili ya kwanza pitisha sumaku ndani yake uone vyuma vilivyotoka ni unga tu au ni vipande. Vikiwa ni vipande piga picha siku hiyo hiyo umpelekee muuzaji, waranti bado mbichi.